Mkutano wa Mwihoko Ambao Haukufungwa

Pale Ruiru palipokuwa na tawi letu, siku hizi wanauza magodoro. Nilipita hapo juzi nikitoka kupimwa macho, nikamkuta kijana ameegemea mlango uleule niliokuwa nikiufungua kila asubuhi. Akaniuliza kama nataka la inchi sita au la nane. Nikamwambia sitaki, mahali hapo nimeshaona watu wakilala vya kutosha. Hakucheka, na simlaumu, kwa sababu hakujua kwamba pale palikuwa benki.

Nimestaafu baada ya kuitumikia benki moja tangu ujana hadi mvi. Waliniaga kwa keki na chupa ya chai iliyoandikwa "Benki ya Kila Mtu". Keki ilikuwa nzuri. Chupa ukiitia chai saa mbili, saa nne unakunywa uvuguvugu. Nyinyi vijana wa mikopo mkaniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi, ati mjifunze. Sitawaandikia vyeo, maana nilipewa vichache na kwa kuchelewa, wala mshahara, maana nyinyi mtacheka na mimi nitakasirika. Nitawaandikia kazi yenyewe, na jinsi benki ilivyookolewa na watu ambao mwanzoni haikutaka hata wakanyage zulia lake.

Nilianza Thika, karani wa dirishani, nimetoka Bungoma na sanduku moja. Nilikaa Makongeni kwa dada yangu na mume wake Wafula, aliyekuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani. Siku yangu ya kwanza nilifundishwa mambo mawili: kuhesabu noti bila kulamba kidole, na kuwarudisha watu mlangoni. La pili ndilo lililokuwa kazi kubwa. Askari wa mlangoni alikuwa akitazama viatu kwanza, kisha uso. Aliyepita kwa askari alinikuta mimi, nami nilimwambia kiasi cha chini cha kufungulia akaunti, na kwamba alete barua ya mtu mwenye akaunti tayari. Ilikuwa kama kumwambia mtu atakula akishashiba.

Wafula mwenyewe alikuja, katika ovaroli yake, siku ya malipo. Huyu ndiye aliyenitumia nauli na kunipa sebule yake nilale. Nilimwambia yaleyale niliyoambiwa nimwambie kila mtu. Akanitazama, akasema, "Basi shemeji, wacha niweke chini ya godoro, huko hawaulizi barua." Jioni tulikula ugali meza moja na hakulitaja tena.

Wakubwa wetu waliuita utaratibu huo uangalifu. Benki ilikuwa na wateja wachache wazito, wenye mashamba ya kahawa na wenye viwanda, na meneja aliwajua hadi majina ya mbwa wao. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kiwanda cha nguo ambaye alikuwa akija na kupelekwa ofisini moja kwa moja, chai ikimfuata. Nusu ya pesa ya tawi ilikuwa imekaa kwenye mkopo wake. Kiwanda kilipofungwa, bwana yule akaenda ng'ambo kutibiwa mgongo, na sijasikia kama mgongo umepona. Tawi lilitikisika kiasi kwamba tuliambiwa tupunguze sukari ya wafanyakazi. Hakuna mtu wa ovaroli hata mmoja aliyehusika na hasara hiyo, kwa kuwa hatukuwa tumemruhusu yeyote aingie.

Hapo ndipo benki ilipogundua watu wadogo. Msije mkadanganywa kwamba ilikuwa huruma. Ilikuwa imeunguzwa na matajiri, ikaamua kujaribu maskini.

Nilitolewa dirishani nikapewa mzee wa kunifundisha kazi ya mikopo midogo. Aliitwa Mzee Njoroge, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na chini ya dawati lake kulikuwa na gambuti ambazo hazikuisha matope. Siku ya kwanza nilichukua fomu na kalamu tatu. Akaniambia, "Wee msichana, hebu wacha hiyo kitabu hapo. Tunaenda kuuliza makaa."

Nilidhani amechoka akili. Lakini alikuwa na njia yake. Tukifika mtaani, mwombaji wa mkopo akawa ametandaza duka lake vizuri ili tulione, Njoroge alilitazama, akalisifu, akaondoka. Kisha alikwenda kwa muuza makaa wa jirani, akamsalimia, akaulizia mvua na watoto, mwishowe akauliza yule mama wa duka hununua makaa kwa mkebe au kwa gunia. Anayenunua kwa mkebe kila siku, hata awe na duka limejaa, pesa haikai mkononi mwake. Anayenunua gunia ana kitu kinachobaki mwisho wa wiki, na benki hula kile kinachobaki. "Duka anaweza kukopa vitu ajaze akisikia tunakuja," aliniambia. "Makaa hakuna mtu anakopa ndio akuonyeshe." Mwanzoni niliona aibu kuwauliza watu habari za makaa nikiwa na kitambulisho cha benki shingoni. Baadaye niliona aibu zaidi nilipokutana na maafisa wenye digrii mbili waliokopesha kwa kutazama rangi ya duka.

Njoroge alipostaafu aliniachia gambuti, ambazo hazikunitosha, na mimi nikahamishiwa Ruiru.

Huko ndiko nilikokutana na Mama Wanja. Alikuwa muuza mayai wa jumla Mwihoko, mwanamke mnene asiye na haraka, na mwenyekiti wa chama cha wanawake ishirini na kitu: wauza mboga, wafuaji nguo, mshonaji mmoja, na Mama Brian, mtu wa kwetu, aliyekuwa akiuza dagaa wa omena na kelele. Walikutana kila Alhamisi alasiri katika ukumbi wa kanisa wa mabati. Kila wiki walichanga, na mchango wote ukaenda kwa mmoja wao kwa zamu, yaani mzunguko, kama mnavyoujua. Kando ya mzunguko kulikuwa na akiba ambayo hakuna aliyeigusa. Ile walikuwa wakiiweka kwetu, akaunti moja ya kikundi, kwa ajili ya kununua ploti Theta wajenge vyumba vya kupangisha. Waliisema Theta kama wengine wanavyosema Yerusalemu.

Chama kilikuwa na sheria nyingi, na moja nilidhani ni ya kitoto. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi, na aliyetoka katikati, kabla ya maombi ya kufunga, alilipa faini. Haijalishi kama mtoto analia au ugali unaungua. Mimi mwenyewe nililipishwa siku moja nilipochomoka kuwahi gari. Mama Wanja alinipigia simu nikiwa Githurai. "Madam, uko na deni yetu," akasema, na Alhamisi iliyofuata nikalipa huku Mama Brian akipiga makofi.

Niliwakopesha wanawake wale miaka mingi, kila mmoja akimdhamini mwenzake, na walilipa. Hawakulipa kwa kuwa ni malaika. Mama Brian alijaribu kutolipa mara moja, wenzake wakaenda kukaa nyumbani kwake na kula chakula chote kilichokuwamo hadi akakumbuka alikoweka pesa.

Makao makuu hawakunipenda. Kila robo mwaka walinitumia hesabu kuonyesha kwamba mkopo mdogo unahitaji afisa yuleyule, safari ileile na karatasi zilezile kama mkopo mkubwa, lakini riba yake hailipi hata soli ya kiatu. Na walikuwa sahihi, sitawanyima hilo. Kwenye riba tulikuwa tunapata makombo. Walichokataa kutazama ni upande wa pili. Tajiri ukimlipa riba kidogo pungufu ya benki jirani, kesho amehama na amana yake yote. Akiba ya Mwihoko ilikuwa imekaa pale, mwaka hadi mwaka, haidai riba ya kubembelezwa wala chai ya ofisini. Benki ilikuwa ikiikopesha kwingine na kupata faida, kisha faida ikaandikwa kwenye jina la idara nyingine, na mimi nikaulizwa kwa nini kitengo changu kina hasara. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwetu kibaba kilikuwa cha mtu mwingine.

Ndipo likaja lile neno refu, ujumuishaji wa kifedha. Lilishuka kutoka makao makuu likiwa na fulana, mabango na meneja mpya. Meneja aliitwa Mwaura, kijana mwenye suti ya kubana na adabu nzuri, na niseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa. Tuliambiwa kila Mkenya awe na akaunti, na kila karani akapewa idadi yake ya kufikisha. Tulisimamishwa nje ya viwanda vya Thika siku za malipo, tukigawa soda kwa anayefungua akaunti. Watu wa ovaroli walifungua, wakanywa, wakaenda zao. Nina hakika kuna waliofungua zaidi ya mara moja, maana jua lilikuwa kali. Wafula, ambaye sasa alikuwa na wajukuu, alipata akaunti yake hatimaye, bila barua ya mtu, na hakuweka hata shilingi. "Godoro limenizoea," akaniambia. Akaunti zililala bila kitu ndani, mtambo wa kuzitunza ukigharimu pesa, na makao makuu wakachapisha picha za watu waliojumuishwa.

Kisha ukaja mkopo wa simu. Hapo sasa hakuna afisa, hakuna makaa, hakuna ukumbi wa mabati. Mashine inatazama pesa inayopita kwenye akaunti yako ya simu, inaamua ukubwa wa mfuko wako, na inakukopesha kabla hujafunga kibanda. Nilipunguziwa safari za Mwihoko. Niliambiwa nikae ofisini nihudumie wateja wenye malalamiko, kazi ambayo haikukosa wateja.

Wakati huohuo vibaka walikuwa wamemvizia mshonaji wa chama akitoka mkutanoni na mchango. Chama kikaamua mzunguko upite kwenye simu, kila mmoja atume kwa mwenye zamu. Miezi michache baadaye Mama Wanja akanipigia.

"Madam, hiyo mashine yenu inakunywa nini?"

"Imefanya nini?"

"Imeniambia naweza kukopa pesa ya ng'ombe. Na si ng'ombe ya kuchinja, ni ile ya maziwa. Na yule msichana wetu wa sukuma wiki pia imemwambia hivyo hivyo. Huyo hata kibanda hana, anauzia kwa gunia chini."

Tukacheka wote wawili, kisha tukaacha kucheka kwa wakati mmoja. Mashine ilikuwa imeona mchango wa wanawake ishirini na kitu ukiingia kwa kila mmoja kwa zamu yake, ikahesabu kwamba kila mmoja anapata pesa hizo. Pesa ilikuwa moja, ikizunguka. Kwa mashine ilikuwa mtaa mzima wa watu wenye nafasi.

Nilimweleza Mwaura. Alinisikiliza hadi mwisho, na akaandika kweli, nilimwona. Jibu lilipokuja alinisomea kwa sauti ya chini. "Madam, wanasema system imeona flow ya pesa, na data haidanganyi. Wanasema Mwihoko inafanya poa kuliko kote. Tunapewa kombe."

Na kombe tukapewa. Lilikuwa limepakwa rangi ya dhahabu, likawekwa juu ya kaunta ili wateja walione. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulisifiwa tukiwa na ndoo mkononi. Kwa kuwa wakati huo habari ilikuwa imeshatoka. Vijana wa boda waliunda vikundi vya kuzungusha pesa tu, asubuhi naituma kwako, jioni unairudisha. Mmoja alinisimamisha nje ya benki na kunishukuru. "Niaje madam. Hii yenu ni kama kumwagilia mboga, ukirudisha mara mingi limit ya kukopa inapanda yenyewe." Nikamwuliza atalipaje. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mzee aliyepotea njia.

Mama Wanja alikataza watu wake wasiguse pesa ya mashine. Wawili waliigusa, Mama Brian akiwa wa kwanza, na chama kikawabana hadi wakairudisha yote. Wengine wa Mwihoko walikopa, wakazima laini za simu, wakanunua nyingine. Hasara ilipoanza kuonekana, makao makuu waliiita changamoto. Ilipokuwa kubwa zaidi, wakaacha kuitaja.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja muuza ploti, mtu wa magari marefu, ambaye amana yake ilikuwa nzito kuliko ya mteja mwingine yeyote wa tawi. Alinong'onezwa na rafiki yake wa makao makuu kwamba mambo si mazuri. Ijumaa moja alikuja, akanywa chai ya ofisini kwa mara ya mwisho, akahamisha kila kitu. Dereva wake alikwenda kuosha gari na kulisimulia hilo kwa waosha magari. Kufikia Jumatatu asubuhi Ruiru nzima ilijua kwamba benki yetu inafungwa.

Nilipofika kufungua mlango, foleni ilikuwa imefika kwenye duka la dawa. Mashine ya kutolea pesa ilikauka mapema. Ndani kulikuwa na noti za kuwalipa watu wa mbele, na gari la pesa tuliahidiwa alasiri. Foleni yote ikidai kwa pamoja tungefunga mlango kabla gari halijafika, na benki ikifunga mlango siku kama hiyo, matawi mengine hayafiki Jumatano. Mwaura alipanda juu ya kiti akasema benki iko imara. Mtu mmoja akamjibu, "Boss, shuka chini utupatie pesa yetu." Watu wakasogea mbele.

Katikati ya foleni niliona vitambaa vya kichwani ninavyovijua. Chama kizima kilikuwa kimekuja, Mama Wanja mbele na barua ya kutoa akiba imesainiwa. Vikundi vingine vya Mwihoko na Githurai vilikuwa nyuma yao, vikiwatazama wao. Na pesa ile ndiyo ilikuwa Theta yao. Serikali ina bima ya kumlipa mwenye akaunti benki ikianguka, lakini ina kikomo, na akaunti ya kikundi huhesabiwa kama mtu mmoja. Wangerudishiwa kipande tu cha akiba ya miaka yote hiyo.

Mwaura alinishika mkono. "Madam, waambie kila kitu iko sawa. Wewe wanakuamini." Nilimwambia ndiyo maana siwezi.

Mama Wanja alinivuta kando ya kaunta, karibu na kombe. "Nafula, tumejuana. Kama hii ingekuwa pesa yako ungeiacha?"

"Yangu iko hapa. Sijaitoa."

"Hiyo si kitu, wewe ukitoa watakufuta. Nauliza, kesho itakuwa hapa?"

"Sijui," nikasema. "Nyinyi wote mkitoa leo, haitakuwa. Mkikaa, nadhani itakuwa. Zaidi ya hapo sijui."

Aliitazama foleni hadi mwisho wake. Niliogopa, nawaambia kweli, na sikuogopea kazi yangu. Kisha akageuka kwa wenzake. "Haya, kaeni chini. Tunafungua mkutano."

"Leo si Alhamisi," Mama Brian akasema.

"Mkutano ni pale mwenyekiti ako. Keti."

Wakaketi, wengine kwenye viti vya wateja, wengine sakafuni juu ya leso zao. Mama Wanja akafungua kwa maombi, kwa sauti, na foleni ikalazimika kunyamaza, maana ni watu wa kanisani wote. Aliposema amina, hakuna mwanachama aliyeweza kwenda dirishani bila kulipa faini. Ajenda ilikuwa moja: tutoe au tuache.

Mama Brian alisimama. "Hii ni jasho yetu. Hao wakubwa wamekula pesa na mashine yao, sasa sisi ndio tungoje? Mimi nasema tutoe twende."

"Twende nayo wapi?" Mama Wanja akamwuliza. "Tutabeba kwa sketi mpaka Mwihoko? Kila kijana wa hapa ametuona tukiingia. Ama tupeleke kwa hiyo benki ingine, ile ilitukataa juzi ikasema hatuna barua?"

Wakabishana vizuri sana. Waliokuwa kwenye foleni waliacha kusukumana ili wasikie, na wengine wakaanza kuchangia, wakaambiwa wanyamaze kwa kuwa si wanachama. Mwaura akaagiza chai na mandazi kutoka hoteli ya jirani, jambo la maana pekee alilolifanya siku hiyo. Saa zilienda. Mtu akiwaona wanawake wa Mwihoko wameketi wanakunywa chai katika benki inayokufa, anaanza kujiuliza kama kweli inakufa. Wa nyuma wakaanza kurudi dukani kwao. Gari la pesa lilipofika alasiri, askari walishusha masanduku mbele ya watu waliobaki, nao wakatazamana na kucheka kidogo. Chama kikapiga kura kwa mikono. Akiba ibaki.

Mwaura alimwomba Mama Wanja afunge mkutano kwa maombi, ili naye aseme neno la shukrani. Akakataa. "Tumeahirisha, hatujafunga. Nikifunga, kila mtu ako huru kwenda dirishani. Wacha ikae wazi kwanza." Akaichana ile barua, akaondoka na watu wake. Na Alhamisi zote zilizofuata chama kiliendelea na mkutano uleule, wakiagana bila maombi ya kufunga, jambo lililomsumbua sana pasta mwenye ukumbi.

Ripoti ya makao makuu ilisema utulivu ulirejea kutokana na mawasiliano ya kimkakati. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mandazi, sijayaona.

Kisha wakairekebisha mashine. Safari hii waliifundisha kwamba pesa inayozunguka ni dalili ya ulaghai, na Mwihoko ikawekwa alama. Haikuwatenga vijana wa boda, wao walishabadilisha laini. Iliwatenga waliobaki na namba zilezile. Nikiwa karibu kustaafu, chama kilipata ploti Theta, nzuri, karibu na barabara. Kilihitaji nyongeza ndogo, akiba yao yote ikiwa dhamana. Lakini mikopo ya vikundi nayo sasa ilikuwa ikipitia kwenye mashine. Nilijaza ombi mwenyewe. Jibu likaja kwenye simu ya Mama Wanja kabla hajatoka mlangoni: ombi lako halikufaulu. Niliandika rufaa, nikaeleza ile Jumatatu. Wakajibu kwamba uamuzi ni wa mfumo na afisa hana mamlaka ya kuubadili. Mwaura naye aliandika, akajibiwa hivyohivyo. Nilikasirika hadi nikashindwa kula, na bado nina hasira ninapoandika haya.

Mama Wanja hakugomba. Muuzaji wa ile ploti ya Theta alikubali kumaliziwa kidogo kidogo, kwa neno la Mama Wanja tu, baada ya kumwulizia kwa majirani. Wiki yangu ya mwisho kazini, asubuhi ya kawaida, hakuna foleni, chama kizima kiliingia ndani ya tawi. Hawakwenda dirishani. Walisimama pale walipoketi siku ile, karibu na kombe.

Mwaura akatoka ofisini akitabasamu. "Mama, karibuni. Mnajua sasa mambo ni mazuri, benki iko salama kabisa."

"Tunajua," Mama Wanja akamwambia. "Ndio maana tumekuja leo. Siku ile kulikuwa na moto."

Akainua mkono. Wanawake wakainamisha vichwa, karani akaacha kuhesabu, askari wa mlangoni akavua kofia. Mama Wanja akamshukuru Mungu kwa afya, kwa ploti, kwa Madam Nafula anayekwenda kupumzika, na akaibariki nyumba hii ya benki na wote wanaofanya kazi ndani yake. Kisha akasema, "Bwana, mkutano wetu tunaufunga."

Wote tukasema amina. Mwaura ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, na alipofumbua macho walikuwa wameshapanga mstari dirishani, Mama Wanja mbele na barua mpya ya kutoa akiba.